Kijito cha Wascana na Jina Lililokataa Kufa

Ukifungua kitabu chochote cha jiografia katika shule zetu, hutakosa maelezo marefu kuhusu Mto Nile, mengine kuhusu Mto Kongo, na aghalabu kurasa kadhaa kuhusu Mississippi na Rhine. Vijito havitajwi. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba historia ya wanadamu ilitendeka kando ya mito mikuu pekee, na kwamba kijito ni kitu cha kuvukwa kwa hatua mbili na kusahauliwa. Lakini wahenga walitutahadharisha zamani: usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Katika makala haya ningependa tukitazame kijito kimoja kidogo ambacho karibu kila jambo kubwa lililotukia katika nyika za Kanada lilipita kandokando yake.

Mimi si mwalimu wa jiografia. Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu akikutana na kijito, swali lake la kwanza si urefu wala kina. Huuliza: kinaitwaje? Nani alikiita hivyo, kwa lugha gani, na kwa sababu gani? Maswali haya huonekana madogo, lakini mara nyingi jibu lake hufumbua yale ambayo ramani imeyaficha. Kijito ninachokusudia kukizungumzia kinaitwa Wascana, na jina hilo lina maana moja tu katika lugha lilikotoka: mifupa.

Tuanze na mahali penyewe. Wascana ni kijito cha kusini mwa Saskatchewan, mkoa ulio katikati ya nyika kuu za Kanada. Huanzia mashambani, mashariki ya mji wa Regina, kikajikokota kwa mizunguko mingi, kikaukata mji huo, kisha kikaelekea kaskazini-magharibi hadi karibu na mji mdogo wa Lumsden, ambako humwaga maji yake katika Mto Qu'Appelle. Huko maji hayakomi. Mto Qu'Appelle huyapeleka mashariki hadi Mto Assiniboine, Assiniboine hadi Mto Mwekundu katika mji wa Winnipeg, na Mto Mwekundu hadi Ziwa Winnipeg. Kutoka ziwani huchukuliwa na Mto Nelson mpaka Ghuba ya Hudson, katika bahari ya kaskazini yenye barafu. Hivyo, tone la theluji linaloyeyuka katika shamba la ngano nje ya Regina lina safari ndefu mbele yake, ingawa mahali lilipoanzia hapana hata kilima cha kulisukuma.

Utambarare huo una chanzo chake. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, eneo lote lilikuwa limefunikwa na barafu nene. Barafu ilipoyeyuka na kurudi nyuma, maji yake yalizuiliwa yakafanya ziwa pana, ambalo wanajiolojia wameliita Ziwa Regina la enzi ya barafu. Ziwa hilo lilikauka, lakini tope laini lililotuama chini yake lilibaki. Hilo ndilo udongo mzito wa mfinyanzi unaolimwa ngano hivi leo. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa, na ukilowa hunata kwenye viatu kama gundi. Juu ya sakafu hiyo ya ziwa lililokufa, kijito hakina mteremko wa kukimbilia. Hupinda huku na huku kama mzee aliyepotewa na fimbo yake.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba kijito hiki hakina mlima wa kukilisha. Mvua na theluji ya mwaka mzima katika sehemu hiyo, ikiyeyushwa na kupimwa pamoja, ni kama milimita 390 tu, kiasi ambacho mkulima wa Machakos angekiita ukame. Maji mengi ya kijito hupatikana katika majuma machache ya Machi na Aprili, theluji inapoyeyuka kwa pamoja huku ardhi ikiwa bado imeganda na haiwezi kuyanywa. Wakati huo Wascana huweza kufurika kwa ghadhabu. Mafuriko ya mwaka 1974 yanakumbukwa hadi leo katika Regina na Lumsden. Ifikapo Agosti, kijito kile kile hugeuka vidimbwi. Na wakati wa baridi kali, pengine nyuzi 30 chini ya sifuri, huganda kabisa.

Sasa natugeukie jina, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Kabla ya kuja Wazungu, na kwa muda mrefu baada ya kuja kwao, nyika hizi zilikuwa nchi ya Wakrii, Waassiniboine, Wasaulteaux na jamaa zao, pamoja na Wametis, jamii iliyozaliwa kwa ndoa za wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi kutoka Ulaya. Wakrii walipaita mahali hapa oskana kâ-asastêki. Ningewaomba walimu wa Kiswahili watulie kidogo juu ya maneno haya matatu, kwani yana sarufi ya kupendeza ambayo haiko mbali na yetu kama tunavyodhani.

Neno oskan ni mfupa. Oskana ni mifupa. Kâ ni kiambishi kinachofanya kazi inayofanana na ile ya kirejeshi chetu katika neno "iliyorundikwa". Asastê ni shina la kitenzi lenye maana ya kuwa katika rundo, na -ki mwishoni ni alama ya upatanisho, inayoonyesha kwamba vilivyorundikwa ni vitu vingi visivyo na uhai. Kwa Kiswahili, basi, jina lote ni "mifupa iliyorundikwa", au "palipo na mifupa iliyorundikwa". Si neno la mkato wala la kubahatisha. Ni sentensi ndogo iliyokamilika, yenye kitu, tendo na upatanisho.

Kikrii nacho kina ngeli. Hakina nyingi kama Kiswahili. Nomino zake hugawanyika katika makundi mawili, moja la vyenye uhai na jingine la visivyo na uhai. Mgawanyo huo una mantiki yake ya ndani. Jiwe, asiniy, huhesabiwa miongoni mwa vyenye uhai, kama vile katika Kiswahili mti ulio hai haumo katika ngeli ya A-WA. Nomino za kundi la kwanza huunda wingi kwa -ak, za kundi la pili kwa -a. Nyati wa nyikani huitwa paskwâwi-mostos, na wakiwa wengi ni paskwâwi-mostoswak: wamo katika ngeli ya wenye uhai. Mfupa wa nyati umo katika ngeli nyingine. Kwa hiyo mtu aliyesema paskwâwi-mostoswak na baadaye akasema oskana, alikuwa amemhamisha mnyama yule yule kutoka ngeli moja hadi nyingine. Kwetu sisi, kutoka A-WA kwenda U-I. Katika nyika za Kanada, uhamisho huo haukuwa wa sarufi tu. Ulitokea kwa kweli, na ulichukua muda usiozidi umri wa mtu mmoja.

Nyati ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa maisha ya nyikani. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake ilikuwa nguo na hema, kano zake uzi, pembe zake vyombo, na kinyesi chake kikavu kuni mahali pasipo na mti. Nyama ilikaushwa, ikapondwa na kuchanganywa na mafuta na matunda ya mwituni, ikawa chakula cha akiba kilichoweza kukaa miezi mingi. Wawindaji walifika kandokando ya kijito wakawinda na kuchinja hapo, kisha wakaikusanya mifupa na kuipanga mafungu mafungu. Inasimuliwa kwamba waliamini nyati hawataiacha nchi yenye mifupa ya jamaa zao. Hivyo rundo la mifupa halikuwa jaa la taka. Lilikuwa ni ahadi, na namna ya kumwambia mnyama: rudi, tumekuheshimu.

Hawakurudi. Wataalamu hukadiria kwamba hapo awali Amerika Kaskazini ilikuwa na nyati wapatao milioni 30, pengine zaidi. Biashara ya ngozi, ambazo viwanda vilizihitaji kwa mikanda ya mitambo, bunduki za kisasa, reli zilizoikata nyika ya Marekani, na tamaa isiyojua kesho, ziliwamaliza. Kufikia mwaka 1879 makundi makubwa yalikuwa yametoweka karibu kabisa katika nyika za Kanada, na mwishoni mwa miaka ya 1880 waliosalia porini katika bara zima walihesabiwa kwa mamia. Hebu msomaji ajaribu kuwazia ng'ombe wote wa Kajiado na Turkana wakitoweka katika muda wa miaka kumi, pamoja na maziwa, nyama, ngozi, mahari na nyimbo zao. Ndipo atakapoelewa lililowapata Wakrii.

Njaa ikafuata. Mnamo Septemba 15, 1874, huko Fort Qu'Appelle, wakuu wa Wakrii na Wasaulteaux walikuwa wametia alama zao katika Mkataba wa 4 na serikali ya Malkia, mkataba ulioihusu nchi kubwa ya kusini mwa Saskatchewan, pamoja na bonde la kijito hiki. Njaa ilipobisha hodi, chakula cha msaada kilikuwa mikononi mwa serikali, na serikali ilikitumia kama kamba: anayetaka kula akubali kuhamia katika eneo alilotengewa. Mwanahistoria James Daschuk ameieleza habari hiyo kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 2013, Clearing the Plains. Aliyekuwa msimamizi wa mambo ya wenyeji tangu mwaka 1879, na ambaye mikononi mwake ndimo mlimokuwa na kamba hiyo, aliitwa Edgar Dewdney. Mkumbuke jina hilo, kwani twakutana nalo tena sasa hivi.

Mwaka 1882 reli ya Kanada ya kwenda Bahari ya Pasifiki ilikuwa ikijengwa kwa kasi kuelekea magharibi. Njia yake ilikuwa imebadilishwa, ikaachana na mpango wa kupitia kaskazini na kushika nyika za kusini, na kwa hiyo makao makuu ya nchi hizo, yaliyokuwa Battleford, yalihitaji kuhamishwa. Dewdney, ambaye wakati huo alikuwa pia Luteni Gavana, alipachagua mahali ambapo reli ilikivuka kijito cha mifupa. Wengi walishangaa. Palikuwa tambarare tupu, hapana mti hata mmoja wa kivuli, na maji ni ya kijito kinachokauka wakati wa joto. Fort Qu'Appelle, kwenye bonde lenye maziwa na miti, ilionekana kufaa zaidi. Mshangao ukageuka lawama ilipojulikana kwamba Dewdney na washirika wake walikuwa wamenunua ardhi karibu na mahali hapo. Lakini mwenye nguvu mpishe. Uamuzi ulikuwa umekwisha kupita.

Mji ukahitaji jina. Kwa miezi michache watu wa reli walikuwa wamepaita Rundo la Mifupa, kwa tafsiri ya Kiingereza ya yale maneno ya Kikrii. Jina hilo halikuwapendeza wakubwa, kwani nani atanunua kiwanja katika Rundo la Mifupa? Gavana Mkuu wa Kanada wakati huo alikuwa amemwoa Binti Louise, mwana wa Malkia Victoria, na binti huyo ndiye aliyechagua jina la kumtukuza mama yake. Mnamo Agosti 1882, mahali palipoitwa Rundo la Mifupa pakawa Regina, neno la Kilatini lenye maana ya Malkia.

Katika miaka hiyo hiyo mifupa yenyewe ikawa bidhaa. Wametis na walowezi maskini waliizoa nyikani kwa mikokoteni, wakairundika kando ya reli, nayo ikasafirishwa kwa mabehewa hadi viwandani Marekani kutengenezewa mbolea na mkaa wa kusafishia sukari. Yale yaliyorundikwa kwa heshima yakarundikwa upya kwa bei ya tani. Miaka michache baadaye, palipoitwa mahali pa mifupa hapakuwa na nyati, wala mifupa, wala, kwa mujibu wa ramani ya mji, jina.

Lakini jina halikupotea. Lilibaki kwenye kijito.

Hapa ndipo nataka tutumie darubini ya isimu. Mgeni akikuta jina la mahali katika lugha asiyoijua, ana njia tatu za kulishughulikia. Ya kwanza ni kulitafsiri, yaani kuchukua maana na kuiacha sauti; ndivyo walivyofanya watu wa reli. Ya pili ni kulifuta na kuweka lake, yaani kuacha sauti na maana pamoja. Ndivyo alivyofanya Binti Louise. Ya tatu ni kulitohoa, yaani kuchukua sauti, kwa kadiri ulimi unavyoweza, bila kujali maana. Wazungu walilisikia oskana, wakalikata mkia wa kâ-asastêki, irabu ya kwanza ikawa "wa", na wakaandika Wascana. Kazi ya ovyo, mtu atasema. Nusu ya sentensi imetupwa, na watumiaji wengi hawajui kuwa wanatamka neno "mifupa" wanapokwenda kupunga upepo.

Iweje basi nitetee kazi hiyo ya ovyo? Kwa sababu kati ya njia tatu, ndiyo pekee iliyoliacha neno katika hali ambayo mwenyewe akilisikia aweza kulitambua. Tafsiri hugeuza jina kuwa la mfasiri. Mkrii hawezi kusikia lugha ya bibi yake katika maneno ya Kiingereza. Kufuta hakuachi hata alama. Lakini neno lililotoholewa, hata likiwa limechubuka, hubaki na sauti ya mwenyewe. Ni kama mtoto aliyelelewa ugenini na kupewa nguo za kigeni: uso wake bado ni wa kwao. Wanafunzi wangu hupenda kuudharau utohozi wakidhani ni uvivu wa kuunda istilahi. Kijito hiki kinatufunza kwamba wakati mwingine utohozi ni ghala.

Na ghala hilo lilihitajika, kwa maana vita dhidi ya lugha yenyewe vilikuwa vikali. Mwaka 1885 Wametis na baadhi ya Wakrii waliasi kaskazini mwa mkoa. Kiongozi wa Wametis, Louis Riel, aliletwa Regina, akahukumiwa mbele ya wazee wa baraza sita, na akanyongwa Novemba 16, 1885. Miaka sita baadaye, mwaka 1891, shule ya bweni ya watoto wa wenyeji ilifunguliwa magharibi mwa mji, si mbali na kijito, ikiendeshwa na Kanisa la Presbiteri kwa niaba ya serikali hadi mwaka 1910. Shule za namna hiyo zilienea Kanada nzima, na shabaha yao ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake, dini yake na lugha yake. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana: wengi wa kizazi cha wazazi wetu, na hata chetu, wanakijua kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama. Tofauti ni kwamba kwetu mtoto alirudi nyumbani jioni. Pale Regina, baadhi ya watoto hawakurudi kamwe, na makaburi yao, mengi yasiyo na alama, yamo hadi leo pembezoni mwa mji.

Wakati hayo yakitendeka, kijito nacho kilikuwa kikifanywa kitu kingine. Mwaka 1883 walikijengea boma ili kupata maji, na nyuma ya boma hilo likatokea Ziwa Wascana. Bunge la mkoa, lililojengwa kati ya mwaka 1908 na 1912, likawekwa ukingoni ili kuba lake lijitazame majini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa ukame na dhiki kuu ya uchumi, ziwa lilikaushwa, na zaidi ya watu 2,000 wasio na ajira wakalichimba kwa majembe na mikokoteni ya farasi. Udongo walioutoa ukatumika kuunda visiwa. Mwaka 1962 eneo lote linalozunguka ziwa liliwekwa chini ya mamlaka moja, kwa mpango uliochorwa na msanifu Minoru Yamasaki, yule yule aliyesanifu yale majumba pacha ya New York yaliyoangushwa mwaka 2001. Katika majira ya baridi ya mwaka 2003 na 2004 ziwa likachimbwa tena, safari hii kwa mitambo, na zaidi ya mita za ujazo milioni moja za udongo zikaondolewa. Miti yote inayolipamba ilipandwa kwa mikono ya watu.

Anayepita hapo atasema ni mandhari ya asili. Sivyo. Ziwa ni la kuchimbwa, visiwa ni vya kurundikwa, miti ni ya kupandwa. Hata maji si yale: chini ya mji, kijito hupokea maji machafu ya Regina baada ya kusafishwa, na katika vipindi vya ukavu na vya baridi karibu maji yote yanayopita hapo ni hayo. Ukiuliza ni kitu gani katika Wascana ambacho ni cha zamani kuliko mji, jibu ni mkondo wenyewe na jina.

Ndipo tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2003, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Regina, karibu na ziwa hilo, lilifunguliwa jengo la First Nations University of Canada, chuo cha wenyeji kilichoanza mwaka 1976 kwa jina jingine. Humo Kikrii hufundishwa kama somo la chuo kikuu. Mjukuu wa mtoto aliyepigwa kwa kusema oskana hukaa darasani akijifunza kwamba oskan ni umoja na oskana ni wingi, kisha akatoka nje na kulikuta neno hilo limeandikwa kwenye kila kibao cha barabara ya bustani. Hana haja ya kulibuni wala kuiomba serikali ilirejeshe. Lilikuwa hapo likimngoja. Na mwaka 2021, baraza la mji wa Regina liliamua kuliondoa jina la Dewdney katika bustani na bwawa la kuogelea, mahali hapo pakaitwa Malisho ya Nyati. Mnyama aliyehamishwa kutoka ngeli ya uhai ameanza, walau kwa jina, kurudi.

Isidhaniwe kwamba nayasema haya kwa kuwa ni mambo ya mbali yasiyotugusa. Malkia aliyepewa mji juu ya Rundo la Mifupa ndiye yule yule ambaye jina lake John Hanning Speke alilibandika mwaka 1858 juu ya ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Reli ya himaya ile ile ilifika mwaka 1899 kwenye tambarare yenye kijito ambacho Wamaasai walikiita kwa ubaridi wa maji yake, na jina hilo likatoholewa likawa Nairobi. Sisi tulikuwa na bahati: Thomson's Falls ikarudi kuwa Nyahururu, Fort Hall ikawa Murang'a, Broderick Falls ikawa Webuye, na mwaka 1975 Ziwa Rudolf likawa Turkana. Tuliweza kuyarudisha majina hayo kwa sababu walikuwapo watu walioyakumbuka. Je, vijito vyetu vidogo, vile ambavyo havimo kwenye ramani yoyote, vitakumbukwa na nani? Kijana anayezaliwa leo katika mitaa ya Nairobi hupita juu ya mtaro wenye maji meusi asijue kuwa ni mto, sembuse kuwa una jina, sembuse maana ya jina hilo.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Kabla ya kuwafundisha wanafunzi urefu wa Nile, watumeni wakaulize nyumbani jina la kijito kilicho karibu na shule. Waliandike kama linavyotamkwa na mzee, si kama lilivyoandikwa na mpima ardhi. Waulize ni la lugha gani, lina viambishi gani, na lilipewa kijito kwa sababu ya tukio gani. Mwalimu wa Kiswahili atapata somo la mofolojia, wa jiografia somo la mito, wa historia somo la watu. Kazi hiyo haihitaji fedha, ila daftari na masikio. Lakini ina haraka, kwa kuwa wazee hawatungoji.

Wakrii husema kwamba Mto Qu'Appelle, unaoyapokea maji ya Wascana, ni mto unaoita. Katika masimulizi yao, kijana mmoja aliyekuwa akipiga makasia usiku alisikia jina lake likiitwa, akauliza ni nani anayeita, asijibiwe. Alipofika nyumbani akaambiwa kwamba mchumba wake amekufa, na kwamba alipokuwa akikata roho alikuwa akilitaja jina lake. Wafaransa walilitafsiri jina la mto huo kwa lugha yao, nalo ni swali: nani anaita? Ni swali jema la kuanzia somo lolote kuhusu mto.